Kabati la Chumba cha Nyuma

Mjukuu wangu,

Mtu mzima na ndevu zako unajaza ukurasa mzima kusifu rangi ya nyumba, na bomba hukuligusa hata kwa mstari mmoja. Rangi inauzwa dukani kwa kopo. Wewe unanunua ukuta.

Haya, salamu sasa. Mimi mzima, ila goti, nalo nimeshalizoea kama mke mwenza. Wewe hujambo? Mkeo hajambo? Mwambie sweta aliyonifumia inanifaa, mikono tu ndiyo mirefu, nadhani alipima kwa mikono yako.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na unajua mimi husoma kwa kuburura kidole. Umesema umetaka kunifurahisha: nyumba tuliyoiuza mimi na babu yako unainunua tena, uipangishe, na Ijumaa unatia sahihi. Umesema fundi cherehani tuliyemuuzia ameitunza, sakafu inang'aa, milango hailii. Wapangaji umeshawapata, dereva na mkewe, na chumba cha nyuma watalala wao na kichanga chao. Halafu chini kabisa, kama mtu anayetaja paka wa jirani, ukasema fundi cherehani anakuachia bure kabati kubwa la chumba hicho, kwa kuwa ni zito na limeshauzoea ukuta wake.

Hapo niliiweka barua mezani nikaenda kunywa maji. Maneno hayo, mume wangu, ni yangu. Ni mimi niliyemwambia yeye, neno kwa neno, siku alipokuja kuitazama nyumba.

Babu yako alikuwa mwashi, na ukuta ule ulimshinda. Bomba la bafuni linapita ndani yake na linavuja. Mara tatu aligonga lipu ikalia kama debe tupu, akaibandua, akapiga nyingine, na mara tatu maji yakarudi. Alisema dawa ni kubomoa ukuta na kulitoa bomba zima. Mimi nikasema tunahama, ya nini kumbomolea mtu mwingine. Yeye akaosha mwiko wake, akauweka. Kabati nililisukuma mimi, kwa mgongo wangu, na ukuta nikaupaka rangi mwenyewe. Rangi nzuri, kama hiyo unayoisifu.

Miezi miwili baadaye fundi cherehani alinifuata na kitambaa cha mteja kimeota ukungu. Hakunitukana. Aliuliza tu kama nilijua. Nikamwambia kosa ni lake, hafungui madirisha. Aliondoka akinishukuru kwa ushauri. Shukrani ile nimeibeba miaka yote hii, na babu yako amekufa bila kunisikia nikiitaja.

Kwa hiyo usimwite mwizi. Amejifunza kwangu. Lakini mtoto wa dereva hajamkosea mtu, naye ndiye atakayelala akipumua ukungu ule. Na wewe utakuja kumwambia mama yake afungue madirisha, kwa sababu damu yangu unayo.

Nyumba siikatazi. Ina msingi mzuri, babu yako aliuchimba hadi kwenye mwamba. Inunue kama ilivyo, kwa bei ya ukuta uliooza, na mpangaji asiingie mpaka bomba litoke. Au iache. Ila usinunue kwa macho, macho hayana kiganja cha kupapasa unyevu.

Nisalimie mkeo, na dada yako anayesema mimi siombi radhi. Mwambie aje aone.

Alhamisi asubuhi uje kunichukua, uje na watu wawili wenye migongo. Usimtangulie fundi cherehani kwa maneno, hayo ya kusema naye ni yangu. Goti langu lisikuhangaishe, nitakaa kwenye kiti humo chumbani.

Ni mimi bibi yako, kwa mkono wangu mwenyewe.

Kabati lisisogezwe mpaka nifike.