Ni Pombe Tu, Si Unga

Mwenzangu, pokea simu basi! Niko hospitali na kaka. Ameanguka, mwili umekakamaa, macho juu, povu mdomoni!

Na hana hata tone la pombe tumboni. Hana! Tangu juzi tumemfungia chumba cha uani aache kwa lazima, kama tulivyomfungia binamu yetu teja mwaka jana. Yule alitapika, akatutukana, akatoka mzima. Tukasema kama kuacha unga hakukumuua, kuacha pombe kutamfanya nini huyu?

Sasa sikia. Leo asubuhi kaka akaanza kutetemeka, anafukuza wadudu ukutani ambao hawapo. Binamu akaja mbio: "Mpelekeni hospitali! Mimi arosto ya kukosa unga ilinitesa tu, lakini mlevi kama huyu ukimkatia pombe ghafla anaweza kufa!"

Mjomba akacheka. Alicheka! "Teja naye kawa daktari? Hii ni pombe tu, inauzwa dukani."

Na mimi nikacheka, mwenzangu.

Binamu akanisihi, "Dada, nipe ufunguo." Nikamwambia aniondolee mikono yake michafu. Hapohapo tukasikia kishindo chumbani.

Nesi ametuuliza ni nani aliyemkatia pombe ghafla bila dawa. Maneno yaleyale ya binamu! Mjomba akajifanya anaongea na simu.

Kaka hajazinduka. Ufunguo bado nimeufumbata.

Njoo, nakuomba. Binamu kazuiwa getini, eti mateja hawaingii. Mjomba kapita, tena ananuka bia.