Tundu Juu ya Lango

Wadi Kabir, Maskati

Mke wangu Mwanahawa, mama Zuhura,

Assalamu alaikum. Nakujulia hali wewe, mtoto, na mama yangu na lile goti lake. Mimi mzima wa mwili, ila moyo hauna raha, na sababu unaijua. Barua hii nimempa mwenzangu wa chumbani anayerudi Kilwa likizo, maana kwenye simu nikimtaja fundi Selemani wewe huanza kucheka, na mimi huanza kufoka.

Ile picha ya ukuta mpya wa uani nimeitazama hadi macho yameniuma. Ukuta mzuri, sikatai. Lakini Selemani amekaa kwenye benchi langu, ameshika kikombe changu kile kilichomeguka mdomo, na meno yote nje. Mtu aliyekuposa kabla yangu! Mafundi wengine wa Kilwa wamekwisha? Naona wivu, Mwanahawa, sifichi. Mimi ni fundi, na ukuta wa nyumba yangu kaujenga mwingine.

Wivu huo umeniponza kazini. Bado tunakarabati ile ngome ya kilimani, mwendo wa saa nzima kwa gari, ukishaupita mji wa Sib. Ni gofu la miaka mamia: mnara mmoja umesimama, wa pili umebaki nusu, ghala la tende halina paa, na kisima kimejaa mawe. Saruji ya mfuko hairuhusiwi. Tunachoma udongo, tunausaga na kuuchanganya na chokaa kama walivyofanya wajenzi wenyewe. Jumatatu nilipangiwa kuziba nyufa juu ya lango. Mikono ilikuwa huku, akili iko Kilwa kwenye benchi. Nikakuta tundu pana juu kabisa ya mlango, nikasema hapa mvua itaingia. Nikaliziba, nikalisawazisha, kazi safi kweli.

Mlinzi wa pale, Mzee Khalfan, Mwomani aliyezaliwa Unguja, akainua kichwa akashika kiuno.

"Athumani, mwanangu, tundu hilo umelizibia nini?"

"Lingevuja, mzee."

"Limewekwa livuje! Adui akifika mlangoni, walioko juu wakimmwagia asali ya tende, inatokota. Hebu lizibue kabla mkubwa wako hajaja!"

Nikashinda nalo na patasi hadi adhuhuri. Kila nikigonga nawaza, laiti na mlango wetu ungekuwa na tundu kama hilo, na wewe uko juu na sufuria. Usicheke.

Wakati wa chai nikamwuliza mzee, ngome yenye hila kama hizi ilitekwaje?

"Haikutekwa," akasema. "Wazee wetu wakisimulia kuwa mwenye ngome alisafiri, akawaambia nnarudi sasa hivi. Akakaa miaka. Kisima kikakauka, hakuna wa kukichimba. Waliomo ndani wakalifungua lango wenyewe, wakamkaribisha aliyekuja na maji. Yeye aliporudi, alibisha kama mgeni."

"Aliwafanya nini?"

"Angewafanya nini? Kosa lao liko wapi?"

Chai ilinishinda. Ukuta wetu ulianguka masika ya mwaka juzi, na mara tatu nilikwambia subiri nije. Hilo nalijua. Lakini kulijua hakujaniondolea wivu, kumeuongeza, maana sasa sina wa kumlaumu.

Jana msimamizi kaniletea mkataba wa miaka miwili mingine. Sijautia sahihi. Nataka unijibu kwa mkono wako, si kwa kicheko cha simu: nikirudi sasa, mikono mitupu, kazi sina, utafurahi kuniona? Ukisema ndiyo, mkataba naurudisha kama ulivyo.

Mama yangu mpe shikamoo yangu, mwambie asipande ngazi za msikitini na goti hilo. Kaka yako mkubwa msalimie, na shangazi Bi Tatu, anisamehe kwa ukimya. Zuhura mbusu, usimwambie kuwa baba analalamika.

Na Selemani mpe salamu, na shukrani pia, ingawa naziandika kwa shingo upande. Nasikia anataka kuanza chumba cha Zuhura. Mwambie asiweke hata tofali moja. Mtoto alale na bibi yake, chumba chake nitakuja kukijenga mimi.

Mumeo, mwenye wivu na mwenye kukupenda,

Athumani