Gia ya Pili Kabla ya Mchanga

Shangazi yangu uliye Eldoret,

Kila nikikupigia simu na kulitaja gari, mtandao wa upande wako huharibika ghafla. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia, tena hadharani, ili hata vijana wenzangu wanaoyajua magari ya kasi kwa picha za magazetini wapate kukujua wewe.

Uliniachia agizo moja kabla ya kuondoka Lodwar, baada ya kisukari kukunyang'anya mguu wa kushoto chini ya goti. "Uza hiyo gari," ulisema. "Klachi inataka mguu, na mguu sina." Hukulia. Ulinikabidhi funguo na kuuliza kama chai iko tayari. Leo nakuletea jibu la agizo hilo, lakini uniruhusu kwanza nikumbuke, kwa sababu jibu lenyewe halitaeleweka bila kumbukumbu hizi.

Nakumbuka mwaka 2012, nilipotoka chuo kikuu na shahada ya uhandisi wa mitambo, nikiamini kwamba Turkana nzima ilikuwa ikinisubiri. Ulikuwa na duka la vipuri mjini, na nyuma ya duka, chini ya turubai, lililala gari lile la buluu: saluni ya mbio iliyostaafu mashindano ya barabara za vumbi, injini yenye turbo, springi ndefu, gia za mkono. Wafanyabiashara wenzako walinunua pikapu. Wewe ulipeleka mikanda, vichujio na plagi Kakuma kila wiki kwa gari la mashindano, na aliyekuuliza sababu alijibiwa kwamba mkanda wa feni hauhitaji lori.

Siku ya kwanza uliponichukua kwenda Kakuma, ulivua viatu kabla ya kuwasha injini. Ndala zako zilikaa nyuma ya kiti, na mguu wa kushoto ulikanyaga klachi ukiwa mtupu. Mkono wako ulipokwenda kwenye gia hukuutazama, wala hukukatiza mazungumzo. Nami nilisikia injini ikishuka sauti na kupanda tena bila mshtuko, kiasi kwamba kikombe cha chai nilichoshika hakikumwagika. Nimepanda magari ya wataalamu tangu siku hiyo, Shangazi. Sijaona mkono wa namna hiyo.

Hata hivyo nilikuwa na hoja zangu, na nilizitoa zote kabla hatujalipita daraja la Turkwel. Nilikueleza kwamba watengenezaji wakubwa wa magari ya kasi walikuwa wakiiacha klachi ya mguu; kwamba giaboksi mpya ya otomatiki ina klachi mbili, moja ikifanya kazi huku ya pili ikiwa imekwisha kuandaa gia inayofuata; kwamba mashine hiyo hubadilisha gia kabla jicho halijapepesa.

"Haraka hivyo?" uliniuliza.

"Haraka hivyo, Shangazi."

"Na dereva anafanya nini wakati huo?"

Nilisema anashika usukani. Ulicheka hadi ukapunguza mwendo.

Hapo ndipo alipotupita yule afisa kijana wa miradi ya maji, katika saluni yake mpya ya otomatiki, kwenye kile kipande cha lami kilichokuwa bado kizima. Uliingiza gia ya tatu, ukamfuata, turbo ikapiga mluzi, na bado akatuacha. Nilijiandaa kukuona ukikasirika. Badala yake uligonga usukani kwa furaha: "Ona huyo! Amenichapa safi kabisa!" Sifa hiyo uliitoa kwa moyo wote, kwa gari ambalo usingelikubali hata kama zawadi, na hilo ni miongoni mwa mambo ninayokustahi kwayo zaidi.

Kisha tukafika laga, ule mto wetu wa mchanga usio na maji isipokuwa mvua inyeshapo, mahali ambapo barabara ilikuwa imesombwa na kila gari lilishuka mchangani. Ulizima injini. Ulishuka bila viatu ukaingia kwa miguu, ng'ambo na kurudi, polepole, ukikanyaga kwa kisigino kisha kwa vidole. Mama mmoja alikuwa akiwanywesha punda wake kwenye kisima kilichochimbwa mchangani.

"Ejok, mama," ulimsalimu.

"Ejoknoi. Wewe kila siku unapima hii mchanga kama nguo ya kununua!"

"Siku moja nitanunua yote. Sasa wewe utapitisha punda wapi?"

"Punda itapita juu ya gari yako!"

Ulirudi ukicheka, ukapangusa nyayo, ukaingiza gia ya pili na kunieleza kwa utulivu kwamba katikati palikuwa pagumu ila ukingo wa mbali ulikuwa laini. Kwamba atakayekanyaga klachi akiwa ndani atapoteza nguvu na kuzama. Kwamba kwa hiyo gia huchaguliwa kwa nyayo, huku nje, kabla ya kuingia. Tukavuka kwa mngurumo mmoja usiobadilika, kama mtu anayetaja neno refu kwa pumzi moja.

Kama mhandisi sikukubali mara moja. Otomatiki nzuri nayo inaweza kuamriwa ibaki kwenye gia moja, na yule afisa alikuwa amevuka salama mbele yetu. Alama za magurudumu yake tuliziona. Lakini katika masomo yangu yote nilikuwa nimefundishwa kuhusu mashine inayojibu kilichokwisha kutokea. Siku hiyo nilimtazama mtu akijibu kilichokuwa bado mbele yake.

Huko Kakuma tulimkuta afisa huyohuyo kwenye gereji ya Fundi Bahati, Mkongo wetu mcheshi, akijaziwa upepo magurudumuni.

"Mathe," akakuita, "hiyo gari yako ni ya makumbusho!"

"Na yako ni ya kubembeleza watoto," ukamjibu. "Ukilala, inakuamsha ikifika?"

Bahati akadondosha bomba la upepo kwa kicheko. "Ee, kijana, usichokoze Mama Vitesse!" Vitesse ndilo neno la Kifaransa ambalo Wakongo huliitia gia, na tangu hapo gereji nzima haikukujua kwa jina jingine.

Basi, tuje sasa mwaka 2013. Nimepata kazi katika ofisi ya barabara hapa Lodwar. Ninavaa tai kila siku, hata joto liwe kali vipi. Uliponipa agizo la kuuza, nilidhani nina jawabu la kisomi: tuondoe giaboksi, tuweke otomatiki, uendeshe kwa mguu wa kulia pekee. Nilikuchorea hata mchoro. Uliutazama kwa adabu, ukanirudishia. "Ukiniwekea hiyo," ulisema, "nitakuwa abiria mwenye usukani." Siku chache baadaye binti yako akakuchukua, mkaenda Eldoret.

Sijabadili msimamo, naomba ijulikane. Katika uwanja wa mashindano, otomatiki ya klachi mbili itaishinda gia ya mkono, na wapo wengi ambao gari la namna hiyo limewarudishia barabara. Ila sentensi yako haikutoka kichwani mwangu, kwa sababu haikuwa hoja kuhusu kasi. Nikalipeleka gari kwa Bahati.

"Mama Vitesse hatakuya tena?" akauliza. "Hapana. Ile haiwezekane. Leta motokari hapa, tuone namna ya kufanya."

Mimi nilipiga hesabu na kuchora, yeye akakata na kuchomelea. Kishikio cha kwanza kilikuwa kigumu mno, kikapinda. Cha pili tulikirefusha, nacho kimekubali. Kimekaa mbele ya kichwa cha gia: ukikibana kwa vidole, klachi inaachia, ukisukuma mkono, gia inaingia, ukikilegeza, gari linaondoka. Mguu wa kushoto hauna kazi tena, lakini gia bado ni yako, kila moja, kwa wakati unaoutaka wewe.

Sikutaka kukuahidi kitu ambacho sijakijaribu. Kwa hiyo niliufunga mguu wangu wa kushoto kwenye kiti kwa leso yako ya kijani, ile uliyoisahau dukani. Bahati aliwaita majirani waje kutazama. "Muinjinia amefungwa kama mbuzi ya Noeli!" Injini ilinizimikia langoni, ikanizimikia tena mbele ya msikiti, kisha vidole vikaelewa. Nikatoka Kakuma hadi laga yetu, na gari likalia vilevile ulivyokuwa ukililiza wewe. Karibu hivyo.

Pale ukingoni nilisimama. Kishikio hakikuwa na la kuniambia kuhusu mchanga. Nikafungua leso, nikavua viatu na soksi za ofisi, nikatembea ng'ambo na kurudi, kisigino kisha vidole, nikitafuta kwa nyayo zangu yale uliyokuwa ukiyapata kwa zako. Ukingo wa upande wa Kakuma, ule uliokuwa laini, umekuwa mgumu sasa; ulaini umehamia upande wa Lodwar. Nikajifunga tena, nikaingiza ya pili, nikavuka.

Yule mama wa punda alikuwepo. Alilitazama gari, akanitazama mimi na tai yangu.

"Mama yako ako wapi?"

"Anakuja," nikamwambia.

Nilijibu kabla ya kufikiri, Shangazi, na jibu hilo ndilo jibu langu kwa agizo lako pia. Sitaliuza. Turubai nimeliondoa, betri nimeichaji, ndala zako ziko nyuma ya kiti. Moja utaivaa, nyingine iache hapohapo, hainisumbui. Tukifika laga nitashuka mimi, niutembee mchanga wote, nirudi nikuambie ulivyo. Gia utachagua wewe.

Usinifanye mwongo mbele ya yule mama.

Ndimi, mwana wa kaka yako,
abiria wako.