Jina la Kaka Thadei Kwenye Ratiba

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, na mawingu yameshuka mpaka chini. Ukiwa huku Kihonda, Morogoro, leo huwezi kuamini kwamba kuna milima ng'ambo ya mji.

Nimechoka. Naandika hapa kwa sababu nikimwambia mtu ana kwa ana nitalia, na ofisini kwetu hakuna pa kulilia.

Kwa ambaye hajui: chama chetu cha wataalamu wa kompyuta hapa mkoani kilinipa mimi kazi ya kualika watoa mada na wakufunzi wa mkutano wetu wa kwanza wa usalama wa taarifa. Mkutano ni wiki ijayo. Nilidhani kazi itakuwa nyepesi. Tangu serikali ifungue milango ya biashara na benki za watu binafsi ziingie, kila ofisi inataka kompyuta. Hata vyama vya akiba na mikopo vya huku kwetu vinaweka hesabu za wanachama humo, na neno la siri limeandikwa kwenye kikaratasi na kubandikwa ukutani. Nikasema moyoni, nani atakataa kuja kuwafundisha watu hawa?

Walikataa. Kwa adabu kabisa, mmoja baada ya mwingine. Kuna aliyeniuliza kama Morogoro kuna hoteli ya kulala mtu. Kuna aliyekubali, akanitumia hadi picha ya kuweka kwenye tangazo, kisha akanyamaza. Simu yake inaita tu mpaka inakata. Nilibakiwa na wawili wa Dar, wote watu wa hotuba. Wa kufundisha kwa vitendo, siku nzima, namna ya kugundua kwamba mtu ameingia kwenye mfumo wako na kufuatilia nyayo zake, sikuwa naye. Na wengi waliojiandikisha walikuwa wanaifuata siku hiyo.

Nilikuwa namjua mtu mmoja anayeiweza kazi hiyo. Nilikuwa namkwepa.

Ni kaka yangu, Thadei. Alikuwa mtu wa mifumo ya kompyuta kwenye benki moja Dar. Siku moja aligundua mwanya kwenye mfumo wao, akawaambia wakubwa zake, hawakuuziba. Fedha zilipoibwa kupitia mwanya uleule, wakaanza kuulizana nani alikuwa anaujua. Aliyekuwa anaujua ni yeye. Akawekwa mahabusu, akaachiwa bila kesi, kazi ikawa imekwisha, na mpaka leo hakuna aliyesimama mbele za watu akasema hakuiba. Sasa analima kabichi na karoti kule milimani Mgeta, nyumbani kwa mama.

Jumamosi nikapanda. Gari lilituacha sokoni, kilichobaki nikakimaliza kwa miguu kwenye utelezi, viatu mkononi. Nilimkuta shambani anapalilia. Nikampa shikamoo, nikasimama kwenye tuta nikamweleza yote, na sikumficha kwamba yeye si wa kwanza kuombwa. Aliendelea kupalilia mpaka nikamaliza.

“Nitakuja,” akasema. “Ila nitakuja kwa jina langu. Na kabla ya kufundisha nitasimulia yaliyonipata. Hilo nalo ni somo. Wajue kwamba anayekuonyesha ufa si lazima awe mwizi.”

Nilisema sawa hata kabla hajafunga mdomo. Mfa maji haachi kutapatapa. Sikujiuliza kama ahadi ile ilikuwa yangu kuitoa.

Mama aliponisindikiza baada ya kula, akaniambia kwamba tangu kaka arudi hajashuka mjini hata mara moja, na kama mimi ndiye ninayemshusha, nihakikishe hashuki kwenda kuaibishwa upya.

Nikamwitikia. Nikashuka mlima nikiwa na furaha, Mungu anisamehe.

Juzi mwenyekiti wetu akaniita. Mfadhili wa mkutano ni benki pia, siyo ile ya kaka, lakini wenye benki wanajuana na jina la kaka lilikuwa limeshawafikia. Mwenyekiti si mtu mbaya. Alihangaika sana kumpata mfadhili yule. Akaja na njia ya katikati: kaka afundishe, ila kwenye ratiba aandikwe “mkufunzi mwalikwa” tu, na hiyo simulizi yake iondolewe. Mimi ndiye nimpigie nimweleze.

Nilimpigia jana. Mtandao kule ni wa shida, inabidi apande mpaka nyuma ya kanisa, kwa hiyo nilikuwa nasikia upepo kuliko ninavyomsikia yeye. Nikasema yote niliyotumwa. Akaniuliza:

“Skola, umemwalika mwalimu, au umemwalika mwizi aliyesamehewa?”

Hakusubiri nimjibu. Akasema atakuja hivyohivyo, bila jina, maana hapendi mimi nipate matatizo kazini kwa ajili yake. Alisema kwa upole. Afadhali angenitukana.

Nimepata nilichokitaka, na sikuweza kula.

Leo asubuhi nikakaa kuimaliza ratiba ipelekwe kwa mchapaji. Nikaandika “Mkufunzi mwalikwa”. Nikalisoma. Nikalifuta. Nikaandika jina la kaka lote, la kwake na la baba yetu, chini yake mada ya mafunzo, na kabla ya mafunzo hayo, nafasi ya simulizi yake. Kisha nikaituma kwa mchapaji, kwa washiriki, kwa watoa mada na kwa mfadhili, kwa mkupuo mmoja. Kaka nikamwandikia ujumbe mfupi: jina lako lipo.

Haukuwa ujasiri. Nilifanya harakaharaka, kama mtoto anavyomeza kwinini.

Kabla ya saa sita mfadhili alikuwa amejitoa, na ukumbi wa hoteli ulikuwa umeshikwa kwa jina lake. Baadaye kidogo mtoa mada mmoja akaandika kwamba amepata dharura. Wa pili hajajibu. Mwenyekiti akaja mpaka mezani kwangu, akasimama, mikono mfukoni. Hakupaza sauti.

“Skola, mkutano huu sasa ni wako peke yako.”

Sina ukumbi. Sina chai wala chakula cha kuwapa watu. Washiriki wanapiga simu kuuliza kama mkutano bado upo, nami nawajibu upo, na nikikata simu najiuliza nimetoa wapi neno hilo.

Kinachoniua zaidi si hicho. Mkutano ukivunjika, watasema umevunjika kwa sababu ya Thadei. Watamfungulia kesi nyingine midomoni mwao, na safari hii aliyemshitaki ni mimi. Nimemtendea haki, au nimeituliza dhamiri yangu kwa gharama yake?

Sijui. Nimejiuliza mchana kutwa na sijui.

Jioni mama kapiga simu, naye kapanda hadi nyuma ya kanisa. Aliuliza kama siku hizi Morogoro kuna joto. Kaka ameitoa suti yake ya Dar, ameianika barazani tangu mchana ipate hewa, lakini amekonda, suruali inamvuka. Mama anaipunguza kiunoni kwa sindano ya mkono. Alitaka kujua kama ndani ya huo ukumbi ni joto sana, wasije wakamvisha suti mtu akatoka jasho mbele za watu.

Sikuweza kumwambia kwamba ukumbi haupo. Nilimwambia avae shati jepesi ndani.

Kesho asubuhi naanza kwa paroko, nimwombe ukumbi. Akikataa, nitaenda kwa mkuu wa shule ya sekondari ya jirani, nimpigie magoti kama itabidi. Baada ya hapo hakuna mlango mwingine ninaoujua.