Sabato ya Lupiro, kwa Mama Kulwa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Likizo hii ya Juni nimefika Lupiro kwa rafiki yako Mama Kulwa, kama ulivyokuwa ukinihimiza kila tulipoagana. Nimechelewa, najua. Huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike kijijini kwetu Mbingu. Nilipompigia simu kumwambia kwamba mimi na mjukuu wako Upendo tunakuja kusherehekea Sabato kwake, alisema tuwahi, jua lisizame Ijumaa tukiwa bado njiani.

Tulifika saa kumi na nusu jioni. Ua ulikuwa umefagiwa, ndoo zimejaa maji, wali na perege vimeshapikwa na kufunikwa. Kambale, kwa kuwa hana magamba, hapikwi katika nyumba ile hadi leo, ingawa majirani wote wanamla. Nikakumbuka Ijumaa zako, Mama, ulivyotukimbiza kuoga huku pasi ya mkaa ikikungoja, ukisema Sabato ni mgeni, haipokelewi na watu wenye matope miguuni.

Upendo alipomwamkia, Mama Kulwa alimshika uso kwa mikono miwili. "Huyu ni Mama Neema kabisa," akasema, maana amechukua sura yako. Jua likazama, tukaketi mkekani, tukaimba na kufungua Sabato.

Upendo alitaka kujua mlikutanaje, nikamsimulia. Nilimweleza jinsi familia ya Mama Kulwa ilivyotoka Usukumani na ng'ombe wao, ikapiga kambi pembeni mwa kijiji chetu, mwaka ambao watu wa Mbingu walikuwa na uchungu kwa sababu mifugo ilikuwa imekula mpunga wao. Mama Kulwa alipoingia kanisani mara ya kwanza, benchi zima lilihama. Wewe ukainuka, ukaenda kukaa naye. Akina mama walipokusema baada ya ibada, uliwajibu mara moja tu: "Ng'ombe hawakuingia kanisani. Aliyeingia ni mtu." Nilikuwa na miaka kumi, na siku ile nilitembea hadi nyumbani nimeinua kichwa. Kisha ukagundua kwamba hajui kusoma, ukaanza kumfundisha kila Sabato alasiri, mpaka familia yake ilipohamia huku ng'ambo ya mto.

Sasa sikia, Mama. Jana asubuhi kanisani, aliyesimama mbele kutuongoza katika lesoni, somo la Biblia la juma, alikuwa Mama Kulwa. Alivaa miwani, akasoma taratibu huku kidole kikifuata mstari, asiruke hata neno. Kanisa zima lilitulia kumsikiliza. Mimi nilikuwa nalia kwenye mtandio.

Tulipomaliza kula mchana, wakaja wanawake wawili vijana, wake za wafugaji, na madaftari yao. Mama Kulwa huwafundisha kila Sabato. Walipoondoka nikamwambia kwamba wewe ulimfundisha vizuri sana. Akacheka.

"Mayu, mama yako naye alikuwa hajui kusoma vizuri," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma chake. "Aliishia darasa la tatu. Alijifunza katikati ya juma, Sabato akanifundisha mimi. Aliniapisha nisikwambie. Alisema utamwonea aibu."

Kumbe ndiyo maana kila jioni ulinisomesha lesoni kwa sauti ukiwa unapepeta mchele, ukiniambia nirudie, taratibu, nirudie tena. Mimi nilidhani unanipima.

Na hukukosea kuogopa. Nilipokuwa bwenini ulikuwa ukiniandikia barua, "nafulahi kukujulisha", na herufi zimepanda na kushuka. Nilizisoma nyuma ya bweni, nikazichana ili wenzangu wasizione. Jambo hilo sijapata kumwambia mtu. Leo ningekuwa na barua yako moja tu, ningeiwekea fremu sebuleni. Nisamehe, Mama.

Jioni kanisani, wakati wa kufunga Sabato, waliomba ushuhuda. Watu wamezoea kunitambulisha kama mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na mimi nimezoea kulipenda jina hilo. Nikasimama.

"Mama yangu aliishia darasa la tatu," nikawaambia. "Yeye ndiye mwalimu wa kwanza niliyemwona akifanya kazi, na sijaona mwingine wa kumfikia."

Nilipokaa, Mama Kulwa akanishika mkono. Hakuuachia hadi wimbo wa mwisho ulipoisha.

Leo ni Jumapili. Tulipanga kurudi Ifakara asubuhi tukapande basi la Morogoro, lakini mizigo yetu nimeifungua. Wale wanawake wawili wameomba niwafundishe herufi kubwa, na Upendo ameshawachongea penseli. Tutakaa hadi Sabato ijayo.

Lala salama, Mama. Sijawahi kujivunia kuitwa mtoto wako kama ninavyojivunia leo.

Mwanao wa kwanza,
Neema