Mto wa Kochi Nimeuchukua

Limpho mwanangu,

Ugali umo sufuriani, nimeufunika. Mboga zipashe moto. Mawingu yakishuka mlimani, anua mablanketi kwanza, mengine baadaye.

Mto mwekundu wa kochi nimeuchukua. ~~Nitaurudisha jioni.~~ Utakaa hukohuko ukumbi wa kanisa tunakochezea.

Asubuhi ulinikuta nao mlangoni ukacheka. "Mama, mokhibo kwa magoti hayo? Si ukae juani upumzike!" Mume wako akajifanya anapuliza chai. Nakujibu sasa.

Ngoma ya mokhibo tunaicheza tumepiga magoti, ndiyo, lakini kazi yote ni ya mabega. Mto ni wa kuwekea magoti tu. Asiyeweza kupiga magoti huchezea kitini, na mwalimu wetu humpigia makofi vilevile. Tangu nianze, naamka kitandani bila kushika ukuta. Hujaona, kwa sababu hujatazama.

Nguo za shule za watoto ziko kwenye kamba. Nusura nisahau.

Wiki iliyopita mafua yalinilaza, sikwenda kucheza. Hata jua halijafika utosini, wenzangu wakabisha hodi na supu, Mamotebang mbele na mkongojo wake, ananigombeza: "Mstari una pengo, wewe umelala tu!" Walikaa nami mpaka nikamaliza bakuli.

Wewe ulirudi jioni, ukachungulia chumbani, ukaniuliza chumvi iko wapi.

Iko rafu ya juu.

Mama wa mumeo