Kwa Katibu Wetu, Aliyemkatalia Mdogo Wake

Ni mwaka mmoja sasa tangu tukuzike, Katibu, na vikao vya familia hii vimerudi kuwa soko. Kila mtu anasema, hakuna anayenyoosha mkono. Mama, ambaye zamani alilalamika kwamba nyumbani kwake anapangiwa muda wa kuzungumza na mtoto aliyemzaa mwenyewe, siku hizi ndiye anayegonga meza. "Jamani, mmoja mmoja! Au mpaka nimwite mwenyewe arudi?" Halafu anaingia jikoni, nasi tunamwacha alie kidogo.

Kazi ya mshahara ulikuwa afisa ustawi wa jamii. Kazi ya mapenzi ulikuwa katibu wa chama cha maafisa ustawi, na hiyo ndiyo iliyokuchosha. Ulitafuta ukumbi, ulipanga viti, uliandika muhtasari, na akidi isipotimia ulishika simu: "Uko wapi? Vaa, nakuja kukuchukua." Mwenzako mmoja chamani, yule uliyembatiza Mzee wa Udhuru, alituambia msibani kwamba hakuwahi kupata udhuru wa kukutosha.

Tunakumbuka pia benchi la kusubiria wabunge. Uliambiwa mheshimiwa yuko kikaoni, ukajibu, "Hamna shida, nina uzi wangu," ukaendelea kufuma. Leo kila mtoto wa ukoo huu ana sweta iliyofumwa kwenye benchi lile. Ya mjukuu wako ina mkono mmoja mfupi, kwa sababu siku hiyo mheshimiwa alitoka mapema.

Ulichokuwa unakidai kilikuwa kimoja. Ulitaka sheria kwamba asiyesomea kazi hii na kusajiliwa asikae na mtoto aliyeumizwa, akamhoji peke yake, na kuamua aishi wapi. Ofisini kwenu palikuwa na bwana mmoja mpole, mwenye huruma, aliyejifunzia kazi humo humo kazini. Alimrudisha mtoto kwenye nyumba mbaya kwa sababu aliikuta safi na wenyeji wakarimu. Hakuwa mtu mbaya, ulituambia. Hakujua tu cha kuuliza. Wewe ndiye uliyekwenda baadaye kumchukua yule mtoto hospitali. Hukutusimulia zaidi ya hapo, na hatukuuliza.

Sasa tuseme la mdogo wako anayekufuata, ambaye watoto wote wa kituo cha kulelea watoto anachofanyia kazi humwita Mamdogo. Aliajiriwa pale kuwa mlezi. Miaka ikaenda, wakubwa wakamwona anavyosikilizwa, wakaanza kumpa na kazi ya kuwahoji watoto na kupendekeza wapelekwe kwa nani. Darasa la kazi hiyo hakuwahi kuliona. Ulimpenda mno, na kila mtu aliyewajua alijua hivyo.

Siku ya mkutano mkuu wa chama, mjumbe mmoja alipendekeza muswada wa sheria hiyo uwe na kifungu: wenye uzoefu wa miaka mingi wasajiliwe bila kusoma wala kufanya mtihani. Ukumbi ukapiga makofi. Mamdogo, uliyemwalika mwenyewe, alikuwa amekaa safu ya nyuma, na uso ulimng'aa. Ndipo ukasimama.

"Mwenyekiti, napinga. Mdogo wangu yule pale nyuma. Watoto wanampenda kuliko wanavyonipenda mimi. Lakini hata yule bwana wa ofisini kwetu watoto walimpenda."

Pendekezo lilianguka. Mamdogo alichukua mkoba wake akatoka bila kuaga.

Ukajitetea nyumbani kwamba ulikuwa unazungumzia kifungu, si yeye. Akakujibu, "Kwa hiyo mimi ni kifungu?" Tangu siku hiyo mkawa hamsemeshani. Mama alichoka kupokea salamu za huku na kuzipeleka kule. "Mmenyonya ziwa moja nyie," alisema, "leo mnanifanya mimi posta?"

Ulihangaika. Ukarudi chamani na pendekezo jingine, ukalipigania mpaka likapita: walioko kazini wasifukuzwe na mishahara yao isiguswe, wapelekwe kusoma, ila mpaka wafaulu, wasimhoji mtoto peke yao wala kuamua aishi wapi. Ulimpelekea Mamdogo nakala. Akaifunikia sufuria.

Halafu ukaugua. Mamdogo alihamia kwenu na virago vyake, akakuogesha, akakugeuza kitandani, akagombana na wauguzi kwa niaba yako. Mlicheka habari za utotoni. Muswada hamkuugusa. Tunajua ulitaka, na tunajua hakutaka. Ukaondoka neno lenyewe likiwa halijasemwa, na hilo lilimuuma kuliko tulivyodhani.

Miezi michache baada ya mazishi, kamati ya bunge iliita watu watoe maoni. Chama kilimwomba Mamdogo azungumze kwa niaba ya wasiosomea, na akakubali. Atasema nini, hakuna aliyejua. Mumeo alikwenda naye, na anasema njia nzima alikuwa anakunja na kukunjua leso.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu mwema, akamrahisishia. "Mama, watu kama wewe tukiwapitisha tu, bila mtihani, kuna ubaya gani?"

Angesema hakuna, yangekwisha. Kazi yake yote ingebaki mikononi mwake. Mumeo anasema aliikunja leso, akaiweka mezani.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi nikihisi mtoto ananificha kitu, namkumbatia. Mara nyingi anatulia. Lakini anatulia tu, hasemi. Sijui namna ya kumuuliza bila kumtia maneno mdomoni. Hilo nataka nifundishwe. Msinipitishe."

"Una hakika? Utakaa darasani na watoto wa kuwazaa."

"Watoto nimewazoea, mheshimiwa."

Wabunge wakacheka, na baadaye sheria ikapita na pendekezo lako kama lilivyo.

Usidhani imemwia rahisi. Amepangiwa stoo na zamu za usiku za kuwaangalia watoto, kazi aliyoanzia ujana wake. Jioni anasoma na binti yako, wanazozana juu ya kila ukurasa. Mtihani wa kwanza alifeli. Alilia, akakutukana kidogo, utusamehe kukwambia, kisha akafungua kitabu tena.

Wiki iliyopita kituoni aliletwa msichana mdogo. Aling'ang'ania gauni la Mamdogo asubuhi nzima, akala mapajani pake, wala hakutamka neno. Afisa aliyesajiliwa alipofika, dada mmoja kijana, na kufungua chumba cha mahojiano, mtoto akamvuta Mamdogo waingie wote. Mamdogo alipiga magoti. "Ingia na dada huyu, mwanangu. Yeye anajua kuuliza. Mimi nakaa hapa hapa nje, siendi popote."

Mlango ukafungwa. Anasema hajawahi kukaa mahali pagumu kama pale. Mara mbili alinyanyuka kushika kitasa, mara mbili akarudi kukaa.

Mtoto alipotoka, alikuwa amesema. Na alichokisema, kama kisingesemwa siku ile, jioni angerudishwa kwenye nyumba ile ile alikotoka.

Mamdogo alitusimulia haya mezani, chakula kikapoa. Tulipomwambia kwamba tunaandika tangazo hili la kumbukumbu ya mwaka mmoja, tukamuuliza naye angependa liwekwe neno gani, alifikiri, akafuta macho kwa kiganja. "Mwambieni Dada nilikaa nje," alisema. Basi tumekwambia.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, mumeo, binti yako na mwanao wa kiume, mjukuu wako, kaka zako, wenzako wa chama, akiwemo Mzee wa Udhuru, ambaye siku hizi hakosi kikao, na mdogo wako anayekufuata, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Hutatutoka moyoni maisha yetu yote, Katibu.